BLACKPOOL: MJI ULIOACHA VITI VYAKE VITUPU

Msafiri aendaye Blackpool, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, huuona mnara kabla hajaiona bahari. Garimoshi likishaipita Preston, nchi huwa tambarare, na mbele hutokea mnara wa chuma wenye kimo cha mita 158, uliofunguliwa mwaka 1894 kwa kufuata mfano wa ule wa Paris. Watoto waliomo garini hushindana nani atauona kwanza. Ndivyo walivyofanya wazazi wao, na wazazi wa wazazi wao.

Mji huu haukujengwa kwa ajili ya mabwana wakubwa. Ulikua kwa fedha ya wafanyakazi. Viwanda vya pamba vya jimbo la Lancashire vilikuwa na desturi ya kufungwa kwa juma zima wakati wa kiangazi, na wavuja jasho wa viwanda hivyo wakawachukua wake na watoto kwenda kupunga upepo wa bahari. Kwa ajili yao zikajengwa gati tatu za starehe zinazoingia baharini. Kwa ajili yao mji ukaweka taa za umeme kandokando ya pwani mwaka 1879, na tramu, yaani magari ya umeme yapitayo juu ya reli, mwaka 1885. Hata leo mgeni hapandi gari la kurudi kwao bila kununua pipi ndefu na ngumu ya mji huo. Pipi hiyo ina ajabu yake: ukiikata mahali popote, herufi za jina la Blackpool huonekana ndani yake, toka ncha hii hata ncha ile.

Askari nao wanalo la kukumbuka hapo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, malaki ya vijana walioandikishwa katika jeshi la anga la Uingereza walifundishwa gwaride katika pwani hiyo, wakilazwa katika nyumba za wageni zilizozoea kupokea watu wa likizo. Miongoni mwa wanajeshi wa anga waliokaa Blackpool alikuwamo mcheza mpira mashuhuri, Stanley Matthews. Vita vilipokwisha, klabu ya Blackpool ilimnunua mwaka 1947 kwa pauni 11,500.

Siku ya mwaka 1953

Mwaka 1953 Blackpool ilifika fainali ya Kombe la Uingereza katika uwanja wa Wembley. Zikiwa zimebaki kama dakika 20, Bolton walikuwa wakiongoza kwa mabao 3 kwa 1. Ndipo Matthews, mtu mzima wa miaka 38, alipoanza kuwachezesha mabeki kindumbwendumbwe upande wa kulia. Stanley Mortensen alikamilisha mabao yake matatu, na bao la ushindi likatiwa na Bill Perry, mzaliwa wa Johannesburg katika Afrika ya Kusini. Blackpool ikashinda 4 kwa 3.

Tangu hapo hadithi hiyo imekuwa urithi wa kila nyumba. Uwanja wa Bloomfield Road hauko mbali na bahari, na barabara za kuuendea zimezungukwa na nyumba za matofali za watu wa kawaida. Jumamosi mchana babu, baba na mjukuu walishikana mikono na kutembea pamoja, shingoni wamevaa skafu za rangi ya chungwa. Mtoto alionyeshwa kiti alichokalia babu yake. Huo haukuwa mchezo tu. Ulikuwa sehemu ya malezi.

Neema iliyoleta balaa

Kwa miaka mingi baada ya 1971 timu haikuonekana tena katika daraja la juu kabisa. Owen Oyston alikuwa ameichukua klabu katika miaka ya 1980, na mwanawe Karl akawa mwenyekiti tangu mwaka 1999. Mwaka 2006 akaingia mwenye hisa mwingine, Valeri Belokon wa Latvia, ambaye fedha zake zilisaidia kuinua timu. Tarehe 22 Mei 2010, chini ya mwalimu Ian Holloway, Blackpool iliifunga Cardiff 3 kwa 2 pale Wembley na kupanda Ligi Kuu ya Uingereza.

Msimu huo mji ulilewa furaha. Liverpool, klabu tajiri yenye jina duniani kote, ilifungwa na Blackpool mara mbili. Hata hivyo, siku ya mwisho ya msimu, Mei 2011, Blackpool ilifungwa na Manchester United na ikashuka daraja ikiwa na pointi 39. Hakuna mshabiki aliyelalamika kwa kushuka huko. Walijua timu yao ilikuwa ndogo, na ilipigana kiume.

Malalamiko yalianza pale watu walipouliza fedha zimekwenda wapi. Klabu inayocheza Ligi Kuu hupokea mamilioni ya pauni kutokana na televisheni. Washabiki walitazamia kwamba fedha hizo zingenunua wachezaji na kutengeneza uwanja wa mazoezi. Badala yake hesabu zilionyesha kwamba katika msimu ule mmoja pauni milioni 11 zililipwa kwa kampuni ya Owen Oyston mwenyewe. Kiangazi cha mwaka 2014, wiki chache kabla ya ligi kuanza, timu ilikuwa na wachezaji wanane tu wenye mkataba. Katika mechi 46 za msimu uliofuata ilishinda nne, ikashuka. Mwaka mmoja baadaye ikashuka tena hadi daraja la nne.

Waliosema sana walijikuta mashakani. Baadhi ya washabiki walishtakiwa na wenye klabu kwa maneno waliyoyaandika, na wenzao wakachanga fedha ili kuwasaidia. Tarehe 2 Mei 2015, katika mechi na Huddersfield, washabiki waliingia katikati ya uwanja na kukaa. Mmoja wao alikuwa mlemavu katika kigari chake. Mpira ukavunjika dakika ya 48, wala haukuendelezwa.

Silaha ya kutokwenda

Lakini kuvuruga mechi hakukuwa dawa. Dawa waliyoichagua wengi ilikuwa ngumu zaidi kwao wenyewe: kutokwenda. Waliapa kwamba wenye klabu hawatapata kutoka kwao hata senti moja tena, iwe ya kiingilio, ya jezi au ya kikombe cha chai. Uwanja uliokuwa ukipokea watu zaidi ya 15,000 wakati wa Ligi Kuu ukawa unatangaziwa wastani wa watu elfu chache tu. Mwezi Mei 2017 timu ilirudi Wembley kuwania kupanda kutoka daraja la nne, ikaifunga Exeter 2 kwa 1. Ushindi huo, ambao zamani ungeuhamisha mji mzima, ulitazamwa na sehemu ndogo tu ya watu wake. Wengine walikaa nyumbani, na bao lilipoingia hawakujua kama washangilie au walie.

Asiyependa mpira aweza kuona kwamba hilo ni jambo dogo. Si dogo. Mzee aliyekwenda uwanjani kwa miaka hamsini hana Jumamosi nyingi zilizobaki. Wapo waliofariki dunia kabla mgomo haujakwisha. Mtoto aliyekuwa na miaka saba mgomo ulipoanza alikuwa na kumi na moja ulipomalizika, na umri wa kushikwa mkono ulikuwa umempita. Tena mgomo uliingia hata majumbani. Wapo walioona kwamba kuiacha timu wakati wa shida ni usaliti, nao wakaendelea kwenda. Wapo walioifuata ugenini tu, ambako kiingilio huingia katika mfuko wa klabu mwenyeji. Ndugu na ndugu, rafiki na rafiki, walibishana juu ya maana ya uaminifu, na kila mmoja aliipenda klabu ileile.

Mahakama na marejeo

Mwezi Novemba 2017 Mahakama Kuu ilitoa hukumu katika kesi ya Belokon dhidi ya akina Oyston. Wao walikuwa wamekana kosa. Jaji alisema kwamba mali ya klabu ilikuwa imechotwa isivyo halali, akaamuru hisa za Belokon zinunuliwe kwa zaidi ya pauni milioni 31. Fedha hiyo haikulipwa yote, na mwezi Februari 2019 mahakama ikamteua msimamizi wa kuishika klabu. Kabla mwezi haujakwisha, Owen Oyston aliondolewa katika uongozi.

Ndipo watu waliporudi. Kwanza walirudi na ndoo na mafagio, kwa kuwa viti vilivyokaa bila watu vilikuwa vimechafuka; wakajitolea kuvisafisha bila malipo. Kisha, tarehe 9 Machi 2019, watu 15,871 waliingia Bloomfield Road kuitazama mechi na Southend. Matokeo yalikuwa sare ya 2 kwa 2. Wengi walibubujikwa na machozi kabla mpira haujaanza, na wengine walitazama kando yao kiti ambacho mwenyewe hakuwahi kurudi.

Mwezi Juni mwaka huo klabu ilinunuliwa na Simon Sadler, mzaliwa wa mji huo na mshabiki tangu utotoni. Mwaka 2021 timu ilipanda daraja la pili. Mwaka 2023 ikateremka tena. Safari hii maelfu waliendelea kuja. Maana ilidhihirika kwamba kilichowakimbiza hakikuwa kushindwa. Mtu huvumilia kushindwa kwa timu yake kama avumiliavyo mvua ya kwao. Asichovumilia ni kuona jasho lake halihesabiwi.

Wahenga wetu walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wa Blackpool waliidai daftari hiyo, na kwa miaka minne waliilipia kwa kitu walichokipenda kuliko vyote. Leo jina la mji lingali limeandikwa ndani ya ile pipi, toka ncha hata ncha. Waliosafisha viti wangesema kwamba jina hilo limo vivyo hivyo ndani ya klabu, nalo halina hati ya kuuziwa mtu.