Krapi wa Kipukutiko: Uvuvi wa Taratibu wa Kentucky na Ule wa Tanganyika

Krapi ni samaki bapa wa rangi ya fedha mwenye madoa meusi, mzawa wa maziwa na mito ya Amerika Kaskazini. Wako wa aina mbili: krapi mweusi, mwenye miiba 7 au 8 kwenye pezi la mgongoni, na krapi mweupe, ambaye miiba yake kwa kawaida haizidi 6. Wengi wanaovuliwa wana urefu wa sentimita 20 hadi 30. Ngozi ya mdomo wake ni nyembamba mno, hata mvuvi akivuta mshipi kwa pupa ndoano huichana na samaki akaenda zake. Tena krapi hutazama juu anapowinda, kwa hiyo chambo kilicho chini yake ni kama hakipo. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua namna anavyovuliwa.

Katika ziwa la Taylorsville, bwawa lililojazwa mwaka 1983 kwenye mto Salt huko Kentucky, krapi ni miongoni mwa samaki wanaofuatwa sana. Ziwa lenyewe liko kati ya Louisville na Lexington, miji yenye wasemaji wengi wa Kiswahili, hasa Wakongo waliotoka mashariki ya nchi yao, wakiwamo watu wa Uvira na Fizi waliokulia kando ya Ziwa Tanganyika. Mtu wa namna hiyo hahitaji kufundishwa ziwa ni nini. Kinachomtatiza ni Oktoba, majira ya kipukutiko: mahali palipotoa samaki wa kutosha Agosti panakaa kimya tangu asubuhi hadi jioni.

Ukimya huo una sababu yake. Wakati wa joto jua hupasha maji ya juu, nayo kwa kuwa mepesi hukaa juu ya maji mazito ya chini bila kuchanganyika nayo. Huko chini oksijeni huisha, kwa kuwa majani na takataka zinazooza huitumia na hakuna nyingine inayoshuka. Krapi hubanwa katika tabaka la juu, na anayekijua kina hicho huwapata bila taabu. Usiku unapoanza kuwa wa ubaridi, maji ya juu hupoa, huwa mazito na kuzama. Upepo humalizia kazi. Ziwa hugeuka rangi, pengine likatoa harufu ya tope la chini. Oksijeni sasa hufika kila kina, na samaki waliokuwa wamesongamana hutawanyika. Visamaki wanavyovila huingia kwenye vihori, nao huvifuata. Samaki hawajapungua, wamehama, na mvuvi bado anatega penye anwani ya zamani.

Maziwa ya nyumbani nayo hugeuka, ila kwa kalenda nyingine. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba 68,800 lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu, kwa hiyo upepo wa kusi wa Juni hadi Agosti hulipoza na kulichanganya. Maji yasiyo na oksijeni yakipanda ghafla, samaki huweza kufa kwa wingi, hasa sangara, anayehitaji oksijeni nyingi. Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, halichanganyiki lote kamwe. Upande wa kaskazini, kuanzia kama mita 100 kwenda chini, hakuna oksijeni ya kumtosha samaki. Lakini kusi likivuma, kuanzia Mei hadi Septemba, husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini maji ya chini yenye rutuba hupanda. Rutuba hiyo ndiyo chanzo cha chakula cha dagaa, ambao Wakongo na Warundi huwaita ndagala, na ndagala ndio chakula cha mgebuka.

Mvuvi wa Uvira au Kigoma humwita samaki aje. Usiku wa giza huwasha taa juu ya maji, ndagala hukusanyika, wavu hupandishwa; mwezi ukiwa mpevu, kazi husimama kwa siku kadhaa. Wamarekani nao huvua krapi kwa taa usiku wa joto, jambo ambalo mtu wa Tanganyika hulielewa mara moja. Ila uvuvi wa mchana wa kipukutiko hutaka afuatwe samaki alipo, na alipo mara nyingi ni penye miti iliyozama, ambayo Taylorsville inayo kwa wingi.

Mashua husogezwa polepole hadi kando ya mti, ikazuiwa isitikisike. Mshipi mwembamba, wa kubeba pauni 4 hadi 6, hufungwa kindoano chenye kichwa cha risasi cha gramu 1 au 2, hushushwa wima karibu na shina, na kuachwa. Kutulia huko ndiko kugumu kuliko yote. Maji yakipoa mwili wa krapi nao hupunguza mwendo, hakimbizi chambo, hukisogelea na kukitazama. Akila, mara nyingi mshipi haushtuki. Hulegea tu, kwa sababu amekwenda nacho juu. Hapo ufito huinuliwa taratibu, bila kukung'uta, kwa ajili ya ule mdomo mwembamba. Pasipo na jibu, chambo hupandishwa kidogo, kisha mti mwingine.

Tofauti kubwa kuliko zote iko kwenye sheria na riziki. Ndagala huuzwa na kusomesha watoto. Krapi wa Kentucky hauzwi: ni samaki wa michezo, na kumfanyia biashara ni kosa. Hukaangwa nyumbani, mara nyingi kwa unga wa mahindi. Kila mvuvi kuanzia miaka 16 hutakiwa kuwa na leseni, isipokuwa wachache waliosamehewa kisheria. Leseni ya mwaka huanza Machi 1 na kwisha mwisho wa Februari, kwa hiyo iliyonunuliwa Oktoba haizidi miezi mitano. Vilevile kuna idadi ya samaki kwa siku na, katika baadhi ya maziwa, urefu wa chini, navyo hutofautiana ziwa kwa ziwa. Anayekwenda kwa mara ya kwanza na asome kanuni za ziwa analokwenda, abebe rula, na Oktoba ikiwa kavu asiuze ufito wake: arudi Novemba, krapi watakapokuwa wamekusanyika tena kwenye miti.