Sura za Kuazima

Sinema ni mwalimu asiyehitaji ubao wala chaki. Kwa hiyo yatupasa kumchunguza kila anayevishwa sura ya mtu wa historia. Mwaka 1956 Hollywood ilimpa John Wayne, bingwa wa filamu za wachunga ng'ombe, nafasi ya Genghis Khan, mtawala wa Wamongolia. Mwaka 1966, katika filamu iitwayo Khartoum, Mwingereza Laurence Olivier alipakwa rangi usoni ili awe Mahdi wa Sudan.

Je, dawa ni kutafuta rangi inayofanana? Sisi wa Kyela twajua kuwa haitoshi. Mtu akiletwa kuigiza mzee wa Matema, kisha ashindwe kuamkia "ugonile" kwa adabu ipasayo, hata watoto wa Itungi watamcheka, angawa mweusi kama sisi.

Mfano tunao katika Idi Amin, aliyeivamia nchi yetu mwaka 1978. Mwaka 1981 aliigizwa na Joseph Olita wa Kenya, aliyefanana naye mno. Mwaka 2006 aliigizwa na Mmarekani Forest Whitaker, ambaye kwanza alijifunza Kiswahili, na filamu ikapigwa Uganda kwenyewe. Huyu hakuzaliwa kwetu, bali alikubali kufundishwa.

Mwanafunzi asiye na picha nyingine ya Mahdi atazeeka na uso wa Olivier kichwani. Hatuna budi, basi, kuandika na kuigiza wenyewe habari za wazee wetu, wageni wasije wakazivika sura za kuazima.