Orodha iliyoandikwa kwa Pascal

Ninyi ndugu mliokimbia makwenu Lubunga na vijiji vya ng'ambo, leo nawaletea habari ya lugha. Si Kiswahili wala Lingala. Ni Pascal, lugha ya kuandikia programu za kompyuta.

Nilijifunza Pascal ubaoni. Shule yetu ya sekondari hapa Kisangani ilikuwa na mwalimu wa informatiki na kompyuta mbili, na umeme ulikuja kama mgeni. Tuliandika programu kwa kalamu, naye mwalimu akazisoma kwa macho, akikamata kila nukta-mkato tuliyosahau kana kwamba yeye ndiye mashine. Ajabu, tulielewa. Lugha hiyo ilitungwa kwa ajili ya kufundishia: Mswisi Niklaus Wirth aliitoa mwaka 1970, akaipa jina la Blaise Pascal, yule Mfaransa aliyetengeneza mashine ya kuhesabu ili kumsaidia baba yake kwenye kazi ya kodi. Mwaka 1983 kampuni ya Borland ikauza Turbo Pascal kwa bei isiyofika dola 50, ikaenea dunia nzima.

Baadaye sisi wanafunzi wa zamani tulifungua gurupu ya WhatsApp. Mwanzoni ilikuwa moto! Mtu alituma picha ya skrini usiku kutoka Bunia au Kindu, na kabla hajaweka simu chini ameshajibiwa. Tulibishana sana juu ya kosa namba 200, linalotokea Turbo Pascal ya zamani ikiwekwa kwenye kompyuta yenye mbio kuliko walivyotazamia waliyoiunda. Mashine inakataa kazi kwa sababu ina nguvu mno. Tulicheka.

Kisha gurupu ikapoa. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Kazi zilitaka Python, vijana wakaenda Python, na siwalaumu. Mimi mwenyewe nilizima sauti ya gurupu nilipoanza redio. Wirth alipofariki tarehe 1 Januari 2024, mtu alituma habari. Wawili waliweka alama ya mikono iliyounganishwa. Basi.

Ningeyasahau haya yote, ila kuna orodha. Mwaka 2023, mapigano ya Wambole na Walengola yalipofukuza watu, mwenzetu mmoja alijitolea kuandika programu ya kuhifadhi majina ya familia kwenye eneo moja la wakimbizi. Alitumia Pascal kwa kuwa ndiyo aliyoijua, na kompyuta aliyopewa ilikuwa kuukuu. Ilifanya kazi vizuri. Lakini kwa kila moja ya majina yetu matatu aliweka nafasi ya herufi 12. Herufi ya 13 haikuingia.

Mwezi uliopita mama mmoja alinishika mkono mlangoni pa redio. «Mwanangu, kwenye karatasi yenu mimi si mimi.» Jina lake lilikuwa limekatwa, halikufanana na kadi yake ya uchaguzi, na siku ya kugawa unga alirudishwa mikono mitupu.

Nikadhani ni kubadilisha 12 kuwa 40. Nikabadilisha, na orodha nzima ikawa takataka: nusu ya jina la huyu imeshikana na kijiji cha yule. Katika faili la aina hiyo kila familia inachukua upana uleule. Ukipanua nafasi ndani ya programu, inasoma faili la zamani kwa hatua ndefu kuliko zile lililoandikiwa. Nikarudisha 12 upesi, jasho likinitoka. Dawa ipo: programu ndogo ya pili, isome kwa kipimo cha zamani na kuandika kwa kipimo kipya. Zamani gurupu ingeimaliza usiku mmoja.

Niliuliza saa mbili usiku. Niliona wamesoma, mmoja baada ya mwingine. Jibu la kwanza lilikuja asubuhi: «Kaka, hamia Python.»

Sawa. Lakini hata anayehama lazima kwanza atoe vyombo kwenye nyumba ya zamani. Aliyeiandika programu amehamia Kinshasa na namba yake haipatikani. Nami nilikuwa nimesahau mengi mno.

Nikapanda toleka hadi Mangobo, kwa mwalimu wetu. Amestaafu, na hajawahi kuwa kwenye gurupu. Nilimpa programu ikiwa imechapishwa kwenye karatasi sita. Alivaa miwani, akasoma akiwa kimya, akafika penye 12, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekosa. «Jina la mtu unalipimiaje kama kitambaa?» Akaomba kalamu. Kabla ya jioni ukurasa mmoja ulikuwa tayari, na nukta-mkato zote mahali pake.

Nyumbani niliuandika kwenye Free Pascal, ambayo bado inapatikana bure, na orodha ikafunguka yote. Ila herufi zilizokatwa hazikuwahi kuhifadhiwa popote, hakuna programu ya kuzirudisha. Jumamosi navuka mto na daftari, nyumba kwa nyumba, kuanzia kwa yule mama. Tafadhali wekeni kadi zenu karibu.