Mwizi, Padi Mbili na Mkono wa Pasta



Tangu Jumamosi simu yangu haijapumzika. Wengi mmeniandikia kunipongeza. Mmoja amesema Kiganjo sasa ina pasta ambaye hachezewi. Mwingine ameweka picha ya ngumi na maneno "jeshi la Bwana". Nimewasoma nyote. Naomba mnivumilie leo, andiko hili ni refu kuliko kawaida, kwa sababu hizo pongezi zimeninyima usingizi.

Kwa wale ambao hamkuwepo: kila likizo ya Agosti vijana wetu hufanya mashindano ya gemu ya mpira, ile ambayo bado wanaiita FIFA ingawa kampuni ilibadilisha jina mwaka 2023. Tunachezea kwenye ukumbi wa mabati nyuma ya kanisa, runinga mbili na PlayStation mbili za kuazima. Kiingilio ni shilingi 100. Mwaka jana mzee mmoja aliniuliza kama tumefungua kasino. Nikamwonyesha hesabu: pesa zinanunua tokeni za stima, chai na mkate, na mshindi anapewa njumu. Kijana aliyeshika padi Jumamosi mchana najua yuko wapi. Kwa hilo sijuti, na mashindano sitayafunga.

Tulikuwa nusu fainali, saa kumi na mbili na nusu hivi, baridi ya mlima imeshashuka, stima ikapotea. Madirisha tulikuwa tumeyafunika kwa magunia ili runinga zionekane vizuri, kwa hiyo lilikuwa giza la kweli. Kelele, vicheko, watu wanasukumana. Kama dakika tano. Stima iliporudi, padi mbili hazikuwepo, na kibeti cha kiingilio hakikuwa mezani.

Mtu akasema amemwona fulani akitoka. Sitamtaja jina, na nyinyi mnaomjua tafadhali msimtaje kwenye maoni. Ana miaka 17. Nilikimbia nikamfikia karibu na lango, padi zote mbili zikiwa ndani ya jaketi, waya wa chaji unaning'inia. Nikamshika kola. Hapa naomba msome polepole. Hakupigana. Hakuwa na kisu wala jiwe. Alisema, "Pasta, nisamehe," akanyoosha mikono anirudishie. Padi moja ikaanguka kwenye changarawe ikavunjika. Ndipo nikampiga kofi. Halafu la pili, kwa nguvu zangu zote, upande wa sikio.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Si kwa sababu ya padi. Mwaka mzima nilikuwa nawaambia wazee wa kanisa kwamba vijana hawa ni wazuri, tuwape ukumbi, na huyu alikuwa ameniaibisha mbele yao. Nilipiga kwa ajili ya jina langu.

Haikupita dakika moja nikasikia "Mũici! Mũici!" kutoka barabarani. Watu wa boda boda wakaegesha pikipiki. Waliokuwa wakienda nyumbani na mifuko ya sukuma wiki wakasimama. Mmoja alikuja na jiwe la kujengea amelishika kwa mikono miwili. Nikapaza sauti, nikawaambia wamwache, mwizi ameshakamatwa na vitu vimepatikana. Kijana mmoja, ambaye namsalimu kwa jina kila Jumapili, akanijibu: "Si wewe umeanza, pasta?"

Wapendwa, nimehubiri miaka mingi na nimesoma chuo cha Biblia. Sikuwa na jibu.

Aliyemwokoa yule kijana si mimi. Ni mama mmoja wa kanisa, mjane, mnamjua. Alimvuta akamsukuma kwenye stoo ya viti, akafunga mlango, akaketi kwenye kizingiti na kitambaa chake kichwani kama mtu anayesubiri matatu. Mimi nikasimama kando yake. Hakuna aliyekuwa tayari kumruka mama huyo. Alikaa hapo mpaka polisi wakafika.

Na kibeti? Mweka hazina alikiingiza ndani ya sweta yake mara stima ilipopotea, kwa usalama. Alijaribu kusema, sauti yake ikapotea kwenye kelele. Kwa hiyo lile jiwe lilikuwa limeinuliwa kwa sehemu kwa sababu ya pesa ambazo hazikuibwa kabisa.

Usiku ule nilifungua Kutoka 22. Nilikuwa nimeupita mlango ule mara nyingi nikikimbilia mahali pengine. Sheria ya Musa inasema kuhusu mwizi anayevunja nyumba usiku: akipigwa akafa, mwenye nyumba hana hatia ya damu. Gizani hujui amekuja na nini, hujui kama anataka ng'ombe au roho yako. Lakini mstari unaofuata unasema jua likiwa limemchomozea, damu yake ina mdai. Mwizi ni yule yule, na nyumba ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa unamwona uso. Na adhabu yake imeandikwa hapo hapo: alipe. Akikutwa na mnyama hai mkononi mwake, alipe mara mbili. Hata pale Kumbukumbu la Torati 25 inaporuhusu viboko, inataka viwe mbele ya mwamuzi, kwa hesabu, visipite 40, na inamwita anayepigwa ndugu yako.

Mimi nilimpiga stima ikiwa imerudi. Taa ya lango ilikuwa inawaka na nilimwona uso vizuri.

Sasa najua mtaniuliza, kwa hiyo tuwaachie wezi? Hapana. Akija mtu na panga usiku, jitetee, itetee familia yako. Watu wa Nehemia walijenga ukuta kwa mkono mmoja na silaha mkono wa pili. Na sheria yetu ya Kenya haitufungi mikono. Ndugu mmoja askari mstaafu amenieleza vizuri: raia anaruhusiwa kumkamata mtu anayeiba mbele yake, ila amkabidhi polisi bila kuchelewa, na asimzuie kwa nguvu kupita kiasi kinachohitajika ili asitoroke. Mkono wangu kwenye kola ulitosha. Kola ilikuwa halali. Makofi yalikuwa yangu mwenyewe.

Mwingine atasema ukimpeleka kituoni, kesho unakutana naye Chaka sokoni. Inauma, najua. Lakini angalieni tunakaa wapi. Hapa kwetu ndipo kilipo Chuo cha Polisi, makurutu kutoka kila pembe ya Kenya wanaletwa Kiganjo kufundishwa jinsi ya kumkamata mtu. Watoto wetu wanakua wakiwaona. Kisha jioni moja wanamwona pasta wao akionyesha njia nyingine, bila mafunzo yoyote, na inaeleweka haraka zaidi.

Mnakumbuka Kitengela, Agosti 2021. Vijana wanne walizingirwa na umati usiku wakashukiwa kuwa wezi wa mifugo, wakauawa wote wanne. Familia zao zilisema hawakuwa wezi, walikuwa wametoka tu kutembea. Nilipoisoma habari ile nilitikisa kichwa nikasema, watu wa huko ni wakali sana. Niliisoma nikiwa hapa hapa Kiganjo, nikinywa chai.

Jumatatu nilimpeleka kijana hospitalini. Daktari alichungulia akasema ngoma ya sikio la kushoto imetoboka. Kwa kawaida tundu dogo hujifunga lenyewe baada ya wiki kadhaa, ila maji yasiingie, na arudi akaangaliwe tena. Akauliza imetokeaje. Nikasema ni mimi. Polisi pia nilikuwa nimewaandikia hivyo kwenye maelezo yangu, Jumamosi ile ile, kwa sababu singeweza kuandika kosa lake nikaacha langu. Litakaloamuliwa nitalipokea.

Nimefikiria sana juu ya Petro na upanga wake bustanini. Mimi huwa nahubiri kwamba alikuwa na bidii isiyo na maarifa, na kanisa hucheka. Safari hii nilikuwa namfikiria Malko, akirudi nyumbani usiku ule na sikio ambalo Bwana alilishika.

Wazee wamekubaliana nami kuhusu mashindano yajayo: mlango mmoja tu, kitabu cha kuandikisha, padi zifungwe kwa waya mezani, taa ya betri iwepo, na mtu akishikwa akiiba apelekwe kwenye chumba cha ofisi na watu wazima wawili wakae naye mpaka polisi waje. Padi iliyovunjika nimeilipa mimi. Nimemwomba mjane yule awe msimamizi wa mlango. Amesema atakubali tukimpa kiti kizuri.

Jana jioni nilikwenda kwa shosho yake, anayemlea, kuomba msamaha. Nilimwomba yeye kwanza, halafu kijana. Shosho alinisikiliza mpaka mwisho bila kusema neno, akamimina chai. Nikageuka nianze kuzungumza na kijana kuhusu shule. Shosho akanigusa bega akaniambia nihamie upande wa pili wa meza, kwa sababu upande niliokaa hasikii vizuri.

Kliniki yake ni Alhamisi asubuhi. Mumkumbuke katika maombi.