Zana za Mwalimu wa Kiingereza Zimo Kiganjani

Ikiwa una mtoto aliyehitimu darasa la saba katika shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili, huna haja ya kuhadithiwa kishindo kinachomngoja Kidato cha Kwanza. Miaka yote alijifunza hesabu na sayansi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu miongoni mwa mengi. Akiingia sekondari mambo hugeuka: Kiswahili ndicho kinachokuwa somo moja, na karibu mengine yote huja kwa Kiingereza. Anayenyamaza katika kipindi cha Biolojia huenda jibu analijua. Alichokosa ni lugha ya kulitolea. Wa kumvusha hapo ni mwalimu wa Kiingereza.

Mdogo wangu wa kike ni mwalimu wa somo hilo. Mara nyingi nimemkuta usiku, andalio la somo mezani na simu mkononi, akitafuta hadithi fupi au zoezi la kusikiliza. Bando hulinunua kwa fedha zake mwenyewe. Likikatika kabla hajapata alichokusudia, kesho yake darasa hurudia ukurasa ule ule wa kitabu ambacho wanafunzi wanne hukitazama kwa pamoja.

Shida yake si uhaba wa zana, bali ni wingi wake. Andika maneno mawili tu ya Kiingereza katika intaneti, nawe utaletewa maelfu ya kurasa: hizi zauzwa, zile zimejaa matangazo, na nyingine zina makosa ya sarufi. Kwa hiyo mimi naye tulikaa, tukapepeta, tukabakiza chache ambazo hazidai malipo.

Ya kwanza ni maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, yenye vitabu vya kiada. Hapo ndipo pa kuanzia, kwa maana zana isiyolingana na mtaala humchosha mwalimu na kumpotezea mwanafunzi muda.

Ya pili ni African Storybook, iliyoanzishwa mwaka 2014 na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Ina hadithi fupi za picha kwa Kiingereza, Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, nayo hutoa ruhusa ya kunakili na kutafsiri. Mwanafunzi anayeanza hukutana na mbuzi, soko na bibi yake, mambo anayoyajua, kisha juhudi yake yote huielekeza kwenye lugha. Hadithi iliyomo katika lugha zote mbili yaweza kusomwa kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza.

Ya tatu ni BBC, iliyoanza kufundisha Kiingereza kwa redio mwaka 1943. Siku hizi mazungumzo yake ya dakika sita, yaitwayo 6 Minute English, hupatikana pamoja na maandishi yake. Darasa husikiliza kwanza, kisha husoma. Ukurasa wa TeachingEnglish wa British Council nao una maandalio ya masomo kwa ajili ya walimu wenyewe.

Ya nne ni Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Mmarekani Michael Hart mwaka 1971. Ina vitabu zaidi ya 70,000, vingi vikiwa vya zamani ambavyo hakimiliki yake imekwisha nchini Marekani. Kiingereza chake aghalabu ni kizito. Chamfaa zaidi mwalimu anayetaka kujinoa mwenyewe.

Lakini ghala lililojaa halimshibishi mtu. Hapana budi apatikane mpishi. Mwalimu na apakue mara moja mahali penye mtandao mzuri, ahifadhi simuni, kisha aandike hadithi ubaoni. Darasa lisilo na umeme litasoma vilevile. Zoezi likitaja theluji, aweke masika. Likitaja treni za London, aweke daladala. Kabla ya kudurufu, atazame kama mwenye kazi ameruhusu. Na walimu wa shule jirani wagawane walichopakua, ili bando la mmoja liwafae watano.

Sasa nawageukia wazazi wenzangu na bodi za shule. Tunapoketi kupanga mahitaji ya shule, tunahesabu karatasi, rangi za madirisha, na hata mafuta ya jenereta. Bando la mwalimu wa Kiingereza silisikii likitajwa. Tumezoea kuiona simu yake kuwa ni anasa yake binafsi, ilhali usiku ule mezani ilikuwa ikifanya kazi ya mtoto wako na wangu. Hatumwambii mwalimu anunue chaki kwa mshahara wake. Basi kikao kijacho, bando nalo liandikwe katika orodha ile ile.