KAMARI AU KARATA? Nilivyotumwa Renton kumpeleleza kaka

Kwetu mtu akisema anapiga deki, ujue ana ndoo na tambara. Lakini kuna watu huko majuu, tena wengine wana mvi kabisa, ambao ukitaja deki macho yanawatoka na mate yanawajaa. Deki yao haipigwi kwenye sakafu. Ni fungu la karata 60, limevalishwa mifuko ya plastiki kama vitambulisho, na mwenyewe analilinda kama hati ya kiwanja.

Wapenzi wasomaji, leo nawapeleka Renton. Msinikimbie kwa sababu hamjawahi kulisikia jina. Renton ni mji mdogo kusini ya Seattle, katika jimbo la Washington. Siyo ile Washington ya Ikulu ya Marekani, hii ni ya upande wa pili kabisa, kwenye bahari ya Pasifiki. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa 11 wakati wa baridi, kwa hiyo Dar watu wakinywa chai ya asubuhi, wao jana yao bado haijaisha.

Nilikwenda Desemba 2024 kwa harusi ya ndugu yetu. Tiketi nilichangiwa na ukoo, na viza ni hadithi ya wiki nyingine. Ila mama mkubwa wa Tandika aliniita kando kabla sijaondoka. Akaniambia, "Mwanangu, kaka yako zamani alikuwa ananitumia hela kila mwezi. Sasa anaruka miezi. Nimesikia kila Ijumaa anakwenda kwenye karata. Kanitazamie kama anacheza kamari, uniletee jibu la kweli."

Jamani, huo ni mzigo. Kaka mwenyewe ni mtoto wa mama mkubwa, kanizidi miaka sita, na ndiye aliyenilipia ada ya fomu foo. Leo mimi niende kwake kama askari kanzu!

MJI WA NDEGE NA UCHAWI

Ukishuka uwanja wa ndege wa Sea-Tac unapanda treni ya umeme kwa dola 3, ukitaka unakwenda mpaka katikati ya Seattle. Sisi tulikwenda kituo kimoja tu, Tukwila. Hapo nilishangaa. Barabarani kuna mabuibui, kuna maduka ya Wasomali na Wahabeshi, na kwenye foleni ya duka nikasikia Kiswahili cha Kongo kikibishania bei ya unga. Saa kumi na nusu jioni jua limeshazama. Mvua yao haina ngurumo wala fujo, ni manyunyu tu yasiyojua kuchoka. Nadhani ndiyo maana watu wa kule wanapenda michezo ya ndani.

Renton yenyewe ina mambo matatu ya kujivunia. Kwanza, ndege za Boeing 737 zinaundwa pale. Pili, Jimi Hendrix, yule mpiga gitaa, amezikwa pale. Tatu, ndiko ziliko ofisi za Wizards of the Coast, kampuni iliyotoa mchezo wa Magic: The Gathering mwaka 1993. Aliyeubuni ni mtaalamu wa hesabu anayeitwa Richard Garfield. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Hasbro mwaka 1999.

Magic ni uchawi. Kwa mama mkubwa hilo sikulitaja hata kidogo. Kamari peke yake ilikuwa inamtosha.

SIYO KARATA TATU ZA KARIAKOO

Ijumaa tarehe 13 Desemba kaka alitoka kazini kwenye ghala, akaoga, akachukua kiboksi chake, akaniambia, "Dogo, twende ukaone ninavyopoteza usiku wangu." Mwenyewe kalisema, sikumwuliza.

Duka lilikuwa la kawaida tu, meza ndefu, taa nyeupe, harufu ya chipsi na makoti mabichi. Watu 16 hivi. Kiingilio dola 10. Wa kwanza hapati fedha, anapata karata au punguzo la dukani. Bia hakuna, sigara hakuna, na kelele ni za watu wanaobishana kuhusu kanuni. Kusema kweli nilikuwa nimejiandaa kwa kasheshe, nikakuta kama darasa la jioni.

Mchezo uko hivi. Kila mmoja anakuja na deki yake mwenyewe aliyoipanga nyumbani. Zisipungue karata 60, na karata ya jina moja zisizidi nne, isipokuwa zile za kawaida za ardhi. Pembeni una nyingine 15 za akiba, unabadilisha kati ya mchezo na mchezo. Unaanza na uhai 20 na karata saba mkononi. Karata za ardhi zinakupa nguvu, nguvu unazitumia kuleta viumbe na dawa za kumroga mwenzako. Uhai ukifika sifuri, umekwisha. Kushinda ni michezo miwili kati ya mitatu, ndani ya dakika 50.

Kwa hiyo mchezaji wa Magic anachanga karata mara mbili. Mara ya kwanza nyumbani anapoamua ni zipi 60 kati ya maelfu, mara ya pili mezani. Na ile ya nyumbani ndiyo kubwa.

PANYA WA KAKA

Deki ya kaka mwaka ule ilikuwa ya panya. Msicheke. Agosti 2024 ulitoka mkupuo wa karata unaoitwa Bloomburrow, ambao ndani yake hakuna binadamu hata mmoja, wanyama watupu. Kati yao yumo panya mwekundu anaitwa Heartfire Hero. Anakuja kwa ardhi moja tu, kadogo, nguvu moja. Lakini ukimlenga kwa dawa yako mwenyewe, mara ya kwanza kila zamu, anakua. Na akifa, anamlipukia mpinzani kwa ukubwa wote aliokuwa nao.

Raundi ya mwisho kaka alikaa na mzee mmoja mwenye ndevu mpaka kifuani. Mzee alikuwa na deki ya mashetani, rangi nyeusi na bluu, jamii ile ile aliyotumia Mhispania Javier Domínguez kuchukua ubingwa wa dunia Las Vegas mwezi Oktoba 2024, ubingwa wake wa pili baada ya ule wa 2018. Ndani yake mna chumba kinaitwa Unholy Annex. Kila mwisho wa zamu kinakupa karata ya bure. Ukiwa na shetani mezani, mpinzani anapungua uhai mbili na wewe unaongezeka mbili. Ukiwa huna shetani, unaolipa ni uhai wako wewe, mbili.

Mzee alikuwa na uhai saba, na shetani wake hajaja. Chumba kikamla mbili, akabaki na tano. Upande wa kaka panya amefika nguvu tano. Hapo hata mimi wa fomu foo nikaipata hesabu. Panya akimfikia, mzee amekwisha. Mzee akimuua, mlipuko ni tano, amekwisha vile vile. Akiweka kiumbe kumzuia, kaka ana dawa ya Monstrous Rage mkononi, inayomfanya panya apite juu ya mzuiaji. Mzee akatazama karata zake kama mtu anayetafuta nauli mfukoni, akacheka, akanyoosha mkono. "Good games," kaka akamwambia, na mzee akamwuliza hali ya mgongo wake, kwa kumtaja jina, vizuri kabisa bila kulivunja.

Hilo nililiweka kichwani. Ghalani kwao, kaka aliniambia baadaye, kuna bosi wa zamu ambaye miaka mitatu sasa anamwita "wewe wa Afrika".

NDEGE ALIYEFUNGIWA

Tukiwa tunasubiri basi kwenye manyunyu, nikamwuliza deki gani nyingine zilimfurahisha mwaka 2024. Akasahau baridi.

Akanisimulia ya Nadu. Huyu ni ndege, alitoka Juni 2024. Ukimlenga yeye au kiumbe chako chochote kwa dawa au kifaa, unapata karata au ardhi, mara mbili kwa kila kiumbe kila zamu. Wajanja wakapata kifaa cha kuwalenga viumbe wao bila kulipa kitu. Zamu ya mtu mmoja ikawa ndefu, mwenzake anaweza kwenda kununua soda akarudi akakuta bado. Mwisho wa Juni huko Amsterdam, Simon Nielsen wa Denmark alibeba mashindano makubwa kwa deki ya ndege huyo. Tarehe 26 Agosti Nadu akafungiwa. Mmoja wa wabunifu akaandika wazi kwamba maneno ya mwisho ya karata ile hayakujaribiwa mezani kabla ya kuchapwa.

Ndugu zangu, umelielewa jambo hilo? Anayechapa karata ndiye anayeuza, na ndiye anayefungia. Ni kama chama cha mpira kiwe na duka la viatu.

"Basi mnaibiwa," nikamwambia.

"Haibiwi mtu anayejua," akajibu. "Wote tunajua karata ina umri. Kwenye mashindano haya ya kawaida inaruhusiwa miaka kama mitatu, halafu inatoka. Ikivuruga mchezo inatoka mapema. Wasipofungia, sote tunacheza deki moja, na duka linafungwa."

Jumatatu yake, tarehe 16 Desemba, nikashuhudia mwenyewe. Asubuhi ile ilikuwa siku ya kutangaza waliofungiwa, kaka akaiweka simu karibu na kikombe cha chai. Safari hii, kwenye yale mashindano ya karata za miaka mingi yanayoitwa Modern, ikaangukiwa The One Ring, pete ya kwenye hadithi za Tolkien. Karata hiyo ilitoka 2023, na ile nakala yake moja ya pekee duniani ilinunuliwa na mwanamuziki Post Malone kwa bei iliyotajwa kuwa inapita dola milioni 2. Zile za kawaida zilikuwa makumi ya dola kila moja, na deki nyingi zilibeba nne. Kaka hakuwa nayo hata moja. "Nilishaona inapendwa mno," akasema, akaendelea na mkate wake.

RIPOTI KWA MAMA MKUBWA

Usiku kabla ya kuondoka nikamweleza kaka ukweli kwamba nilitumwa. Hakukasirika. Akanitolea daftari. Kila karata aliyonunua imo, kila aliyouza imo, na bei. Deki ya panya ilimgharimu chini ya mshahara wa siku mbili. Miezi aliyoruka kutuma hela ilikuwa ni miezi ya mgongo, alipokuwa amelazwa nyumbani bila zamu. Na hakutaka mama yake ajue.

Akanipa na somo moja ambalo nawaletea vijana wenzangu bure. Dukani pale zinauzwa pakiti zilizofungwa. Unalipa, unararua, ndani unaweza kukuta lulu au takataka. Kuna watu wanararua pakiti 20 kwa usiku mmoja, mikono inatetemeka. Kaka hanunui pakiti. Ananunua karata moja moja anayoitaka, kwa bei anayoiona. "Kamari ipo hapa, dogo," akasema akinyooshea kabati la pakiti pichani. "Iko pale, haiko mezani."

Niliporudi Tandika nilikaa na mama mkubwa mkekani, nikamwambia yote, isipokuwa la mgongo, ambalo kaka aliahidi kulisema mwenyewe, na alilisema. Bibi wa watu alilia kidogo, halafu akauliza hao panya wanalipwa shilingi ngapi. Nikamwambia hawalipwi, wanampa mtu wa kumwita kwa jina lake kila Ijumaa. Akanyamaza kwa muda mrefu.

Tarehe 30 Juni 2025, Jumatatu nyingine, kampuni ilifungia karata saba kwa mpigo kwenye yale mashindano ya kawaida. Heartfire Hero alikuwamo. Monstrous Rage nayo ikamfuata. Nikampigia kaka pole kama ya msiba. Akaniambia nusu ya deki alikuwa ameshaiuza, nusu imemfia mkononi, na kwamba saa ile yuko njiani kwenda dukani, kwa sababu yule mzee wa ndevu amemwahidi kumwazima deki mpaka ajipange.

Mama mkubwa alipopata habari aliuliza jambo moja tu: "Huyo mzee ana mke? Mwambieni kaka yenu ampelekee kilo ya viungo vya pilau, nitavituma."

Vimeshafika. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.