Apu Bila Stima

Juzi nilialikwa kufunza Gredi ya 8 hapa Embakasi jinsi ya kubuni apu. Nikabeba laptopu na kiburi kidogo. Kufika, stima zimepotea. Watoto 40, laptopu moja, betri asilimia 11.

Basi nikagawa karatasi. Chora skrini tatu: ya kufungua, ya kazi yenyewe, ya jibu. Wengi walinichorea TikTok nyingine. Msichana mmoja wa nyuma akachora mfereji. Apu yake ingeambia watu wa ploti maji yakifika, ndio mamake asikeshe akingoja saa nane usiku.

Nikamuuliza, "Mama ana simu gani?"

"Mulika mwizi."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Akageuza karatasi, akaandika mesej: *Maji yamekuja.* Nani atatuma? "Mwenye simu kubwa, akiyaona kwanza. Anafinya mara moja, wote wanapata."

Wasee, apu yangu ya kwanza ilikuwa na vitufe 14 na mtumiaji mmoja. Mimi.

Ni kweli shule zinahitaji kompyuta, hiyo hatubishani. Lakini swali la kwanza halihitaji stima: nani ataitumia, na ameshika simu gani? Tukiruka hapo, tunafunza watoto kupamba skrini tu.

App Inventor ya MIT ni ya bure, na ina kipande cha kutuma mesej. Ijumaa narudi tuiunde. Safari hii nitachaji laptopu, lakini karatasi ndizo zitatangulia.